Klachi Haiishi kwa Siku Moja



Kwa jarida hili niliombwa niandike juu ya afya, kwa kuwa wengi mnanijua kama nesi. Nimeamua kuandika juu ya klachi ya gari. Msicheke. Wengi wetu hapa Toowoomba tuna pikapu, zile ambazo Waaustralia huziita yuti, na nyingi tulizozinunua kwa mkono wa pili ni za manyuali. Siku moja klachi zake zitakwisha, na ni vizuri ujue mapema utafanya nini. Tena klachi yangu ilinifanya nimkosee mtoto wangu mbele ya watu, na baadhi ya watu hao ni ninyi wanafunzi. Kwa hiyo haki yake naye lazima aipate mbele yenu.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 2008, ya petroli, injini ya lita 2.7, gia tano, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Niliinunua ikiwa imetembea kilomita 140,000, na sasa imepita 236,000. Ndiyo inayonipeleka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi ndiyo inayobeba viti vya darasa letu na masufuria ya pilau.

Kijana wangu alipotimiza miaka 16 alipata leseni ya kujifunzia. Hapa Queensland, aliye chini ya miaka 25 hutakiwa kuendesha saa 100 na kuziandika kitabuni kabla ya mtihani, na 10 kati ya hizo ziwe za usiku. Nilisisitiza ajifunze kwa manyuali. Babu yake, yaani baba yangu, aliendesha lori la mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam, na kila safari ilikuwa lazima ashuke mlima Kitonga, kisha aupande tena wakati wa kurudi. Sikutaka mjukuu wa mtu huyo ashindwe kubadilisha gia.

Jumapili moja ya mwezi Machi tulikuwa tunarudi kutoka Gatton, yeye ndiye dereva. Mnaijua njia hiyo: ukishapita Withcott, mlima unaanza. Mji wetu uko juu, karibu meta 700 kutoka usawa wa bahari, na barabara ya zamani inapanda kama ngazi. Kijana aliingiza gia ya tatu akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele kwa nguvu, lakini pikapu badala ya kuongeza mwendo ikawa inapunguza. Akakanyaga zaidi. Kelele ikazidi, mwendo ukazidi kupungua. Kisha ikaingia harufu, kama ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi.

Nilimfokea. Nilimwambia, "Umeunguza klachi! Nimekwambia mara ngapi usiikanyage nusunusu?" Mdogo wake alikuwa kiti cha nyuma, pamoja na watoto wawili wa darasa letu. Alisogeza gari pembeni, akawasha taa za tahadhari, kila kitu kama alivyofundishwa. Kisha akasema maneno mawili tu: "Si mimi." Nikamjibu, "Nani basi, mimi?"

Gari la kukokota lilitupandisha mpaka nyumbani. Alinipa ufunguo, na tangu siku hiyo hakuugusa tena. Kitabu chake kilisimama kwenye saa 41. Jumamosi mbili hakuja darasani. Nikimwuliza jambo kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama anavyomjibu mtu wa benki. Nilijiambia ni ujana, utapita.

Sasa niwaeleze klachi ni nini, maana hata mimi kabla ya hapo niliijua kwa mguu tu.

Wanafunzi, chukueni daftari jembamba. Mmoja wenu alibane katikati ya viganja viwili, na mwingine ajaribu kulichomoa. Ukibana kwa nguvu, haliendi popote. Ukilegeza kidogo, linateleza. Klachi inafanya kazi hivyo. Kiganja kimoja ni flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja na injini. Kiganja cha pili ni presha pleti, yenye springi kali. Daftari ni klachi pleti, sahani yenye kitambaa kigumu cha msuguano pande zote mbili, nayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya klachi husukuma silinda, silinda husukuma uma, uma husukuma rilizi beringi, nayo hubonyeza springi ili viganja viachie. Hapo unaweza kubadilisha gia. Ukiinua mguu, viganja vinabana tena.

Kila vinapobana huku vikiteleza, kitambaa kinalika kidogo. Kitambaa kikiwa chembamba sana, viganja havibani tena sawasawa. Injini inazunguka na magurudumu hayapati nguvu. Hilo ndilo lililotupata pale mlimani.

Je, utajuaje kabla ya kufika mlimani? Klachi haina kilomita maalumu za kufa. Kuna ya gari la teksi inayokwisha upesi kwa foleni, na kuna ya gari la barabara kuu inayodumu miaka mingi. Kwa hiyo angalia dalili. Ya kwanza, pedeli inaanza kushika juu zaidi kuliko zamani, karibu mguu umeshainuka wote ndipo gari linaondoka. Ya pili, ukiwa gia ya juu na mzigo, ukikanyaga mafuta injini inapanda ghafla lakini mwendo haupandi. Ya tatu ni ile harufu. Ya nne, gari linatetemeka wakati wa kuondoka, jambo ambalo huweza kutokea pia kama mafuta ya injini au ya giaboksi yamevuja yakalowesha klachi pleti.

Kuna matatizo mengine yanayofanana na haya lakini hayatibiwi kwa kubadilisha klachi yote. Pedeli ikizama mpaka chini bila nguvu, au gia zikikataa kuingia, kwanza tazama kikopo cha mafuta ya klachi na uangalie kama silinda inavuja. Ukisikia mlio pale tu unapokanyaga pedeli, shuku rilizi beringi. Nesi hatoi dawa ya kichwa kwa mtu anayelalamika tumbo.

Kipimo ni rahisi. Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma. Vuta breki ya mkono sawasawa na ukanyage breki ya mguu. Ingiza gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kunguruma, basi klachi inateleza. Fanya mara moja, yatosha. Ukirudiarudia utaiunguza iliyobaki.

Gereji ya kwanza niliyopiga simu ilinitajia dola 1,850. Sikuwa nazo. Basi nikamwendea kaka mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa Uvira, ambaye ni fundi wa magari na ana banda la kazi nyuma ya nyumba yake. Akasema, "Mama Mwalimu, kwanza endesha, mimi nikuangalie." Kijana wangu akakaa nyuma, kwa sababu kaka fundi ndiye aliyemwomba aje kumshikia taa. Mimi nisingeweza kumwomba.

Tulizunguka mtaa polepole. Kwenye taa za barabarani, pale penye kilima kidogo, nilisimama kama ninavyosimama siku zote: gia ya kwanza, klachi nusu, mafuta kidogo, gari linaning'inia bila breki. Tulipoondoka, nikabadilisha gia na mguu wangu wa kushoto ukabaki pale pale juu ya pedeli. Kaka fundi hakusema kitu. Alininyooshea kidole kwenye mguu.

Kule nyuma kijana wangu akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Nilikwambia, Mama."

Ni kweli, aliniambia. Aliniambia mwezi Januari, wiki ya kwanza ya kujifunza: "Mama, kitabu kinasema usiweke mguu kwenye klachi, na wewe wako hauondoki." Nikamjibu kwamba mimi nimeendesha tangu kabla hajazaliwa. Na kuna jambo baya zaidi: pedeli ilikuwa imeanza kushika juu tangu kabla ya Krismasi, kabla yeye hajapata hata hiyo leseni. Niliijua dalili nikaifumbia macho, mimi ambaye kila zamu nawaambia wazee wetu, "Ungesema mapema, Bibi, tungekusaidia mapema."

Kazi yenyewe tuliifanya likizo ya Aprili, siku mbili. Nitaieleza kwa ufupi, ili hata kama utampelekea fundi ujue unalipia nini. Usiifanye peke yako, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tupu. Giaboksi ni nzito, ikikuangukia kifuani hutasimulia.

Kaka fundi alichomoa waya hasi wa betri, akaweka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, akainua pikapu na kuiweka juu ya stendi nne za chuma kwenye sakafu ya zege. Ndani ya gari akatoa mkono wa gia. Chini akaipiga propela shafti alama ya rangi kabla ya kuifungua, ili irudi vile vile ilivyokuwa na isitetemeshe gari. Alimwaga mafuta ya giaboksi, maana ukichomoa propela shafti bila kufanya hivyo yatamwagika kupitia nyuma. Akachomoa waya, akafungua stata, akafungua silinda ya klachi na kuifunga pembeni kwa kamba bila kufungua mpira wake, hivyo hewa haikuingia.

Kisha akaweka jeki na kipande cha ubao chini ya injini, kwa sababu giaboksi ikitoka injini hubaki bila kiegemeo cha nyuma. Jeki ya pili, ile ya giaboksi, ikakaa chini ya giaboksi yenyewe, imefungwa kwa mnyororo. Bolti zote za kuzunguka zikatoka, na giaboksi ikavutwa nyuma ikiwa imenyooka. Hapo ndipo watu hukosea: wakiiacha ining'inie kwenye klachi pleti, wanapinda kitu kipya au cha zamani.

Kabla ya kufungua presha pleti alitupa barakoa, nami nikafurahi kama nesi. Vumbi la klachi si la kupuliza kwa mdomo wala kwa kompresa. Australia ilipiga marufuku asbestosi kabisa mwishoni mwa mwaka 2003, lakini kwenye magari ya zamani na vipuri visivyojulikana vilikotoka huwezi kuwa na uhakika. Lowesha kitambaa, futa, weka kitambaa kwenye mfuko, funga.

Bolti za presha pleti zililegezwa kidogo kidogo, kwa kuvuka kutoka upande huu kwenda upande wa pili. Klachi pleti ikatoka. Kitambaa kilikuwa kimelika mpaka kwenye vichwa vya ribiti. Kaka fundi aliigeuza mkononi, kisha akaweka presha pleti chini ya taa aliyoshika kijana wangu. Ncha za springi, pale zinapoguswa na rilizi beringi, zilikuwa zimechimbika na kung'aa kama kijiko. Rilizi beringi ukiizungusha ilikuwa inakwaruza kama ina mchanga.

Akasema, "Hii ambreyaje haikuharibiwa na mtoto. Mtoto ana miezi mitatu. Hii ni miaka. Ni mguu uliokaa pale miaka."

Klachi kwao ni ambreyaje, kutoka Kifaransa, kama sisi tulivyoichukua yetu kutoka Kiingereza. Kijana wangu alicheka aliposikia neno hilo. Alikuwa hajacheka mbele yangu kwa muda wa mwezi mzima.

Sikungoja tufike nyumbani. Nikavua barakoa nikamwambia pale pale, mbele ya kaka fundi: "Nilikusingizia, mwanangu. Nisamehe." Akaniuliza, "Kusingizia ni nini?" Nikamweleza: ni kumwambia mtu amefanya jambo ambalo hakulifanya. Akafikiri, akauliza, "Hata kama hukujua?" Nikamwambia, "Nilikuwa najua kidogo. Sikutaka kujua zaidi."

Mimi nilikuzwa katika nyumba ambayo mzazi hakumwomba mtoto msamaha. Baba yangu alikuwa mtu mwema, lakini akikosea alikuwa analeta chungwa au andazi, anakupa, yamekwisha. Nilidhani nami ningemnunulia kijana wangu viatu, yakaisha. Lakini lawama niliitoa kwa maneno, kwa sauti, mbele ya watoto wengine. Viatu visingefika pale ilipofika sauti.

Tuendelee na kazi. Flaiwili ilikuwa na madoa ya bluu ya joto, kwa hiyo ilipelekwa kuchongwa iwe laini tena. Magari mengine, hasa ya dizeli ya siku hizi, yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo mara nyingi hubadilishwa nzima na bei yake inauma, basi uliza kabla. Tulitazama pia sili ya nyuma ya injini kama inavuja. Haikuvuja. Ingevuja, ingebidi ibadilishwe wakati ule ule, kwa sababu hakuna anayetaka kushusha giaboksi mara mbili.

Tulinunua seti nzima kwa dola 420: klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, na ile beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili. Usibadilishe klachi pleti peke yake ili kuokoa pesa. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na beringi ya zamani itakurudisha chini ya gari.

Siku ya pili kijana wangu hakushika taa tu. Alifuta flaiwili kwa dawa ya kusafishia breki mpaka ikawa haina alama ya kidole. Aliishika klachi pleti kwa ukingo, asiguse kitambaa kwa mikono yenye grisi, akaiweka upande sahihi, maana imeandikwa upande unaotazama flaiwili. Aliingiza kile kijiti cha plastiki kinachoiweka katikati kabisa, kwani bila hicho giaboksi haitaingia hata usukume vipi. Bolti akazikaza kwa kuvuka, kidogo kidogo, na mwisho kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Grisi ikapakwa kidogo sana kwenye meno ya shafti. Kisha giaboksi ikapanda, kila kitu kikarudi kinyume cha kilivyotoka, na mafuta mapya ya giaboksi yakatiwa.

Jioni kaka fundi alimpa ufunguo yeye, si mimi. Pikapu iliondoka laini. Tulishauriwa kwamba kwa kilomita mia kadhaa za mwanzo tusivute trela wala kuondoka kwa nguvu, ili vitambaa vikae vizuri.

Nami nina masharti yangu, aliyoyaandika kijana kwa Kiswahili kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani. Mguu wa kushoto ukimaliza kubadilisha gia, ukae sakafuni. Kwenye taa, tumia breki, toa gia. Kwenye kilima, vuta breki ya mkono, usimning'inize gari kwa klachi. Ameandika "usimning'inize gari" kama vile gari ni mtu. Kama mwalimu ningeisahihisha, lakini nimeiacha ilivyo.

Wazazi wenzangu, kagueni pedeli zenu wiki hii. Na mkisikia harufu, kabla ya kumtazama mtoto aliyeshika usukani, tazameni ni nani ameshika usukani huo miaka yote.

Wanafunzi, Jumamosi ijayo tutaandika ubaoni sehemu zote za klachi, kwa maneno ya Tanzania na ya Kongo. Kijana wangu ndiye atakayefundisha. Amefikisha saa 58, na bado ananidai saa tatu za usiku.